Kichwa cha mzee kikigonga sakafu

Tarehe 19 Oktoba 2024, Rais wa Brazili, Luiz Inácio Lula da Silva, alianguka bafuni kwenye makazi yake rasmi mjini Brasília akajigonga kisogo. Alikuwa na miaka 78, zimebaki siku chache atimize 79. Akashonwa jeraha, akapigwa picha za kichwa, na madaktari wakamkataza kupanda ndege kwenda Kazan, Urusi, kwenye mkutano wa BRICS. Akaishia kuuhutubia kwa video. Baadaye akarudi kwenye shughuli zake. Wiki saba zikapita. Tarehe 9 Desemba kichwa kikamuuma, akapimwa tena, ikaonekana damu imejikusanya ndani ya fuvu. Usiku ule ule akakimbizwa São Paulo, hospitali ya Sírio-Libanês, akatobolewa fuvu, damu ikatolewa. Siku mbili baadaye wakamziba mshipa mmoja unaolisha utando wa ubongo, ili damu isijikusanye tena.

Watu walioisimulia habari ile walikazia upasuaji. Mimi kilichonishika ni zile wiki saba. Huyu ni rais. Madaktari wako naye, mashine ziko jirani, alipimwa siku ile ile na akarudiwa kupimwa, na bado mambo yalimgeukia karibu miezi miwili baada ya kuanguka. Sasa mfikirie bibi wa Pongwe au Muheza aliyeteleza uani, akafutwa damu, akapewa vidonge kwenye bahasha, akaambiwa "pole bibi, utapona". Wiki ya tano akianza kuburuta mguu, nani nyumbani atakumbuka kwamba aliwahi kuanguka?

Nayaandika haya kwa sababu mwaka jana ilikuwa zamu ya mama yangu, hapa Tanga. Umeme ulikuwa umekatika, yeye ameamka kutia udhu wa alfajiri, ndala zake nyayo zimelika mpaka zimekuwa laini kama alivyozipenda, na sakafu ya uani ina maji. Alianguka ubavu, kichwa kikagonga ukingo wa karo la kufulia. Tulipomfikia alikuwa macho, anauliza nani kazima taa. Nundu juu ya sikio, damu kidogo, kumbukumbu ya namna alivyoanguka hana. Ndani ya robo saa nyumba ilijaa majirani, na kila jirani na dawa yake.

Mmoja alisema asiachwe alale hata dakika moja. Wa pili alishafungua chupa ya mafuta ya karafuu amkande shingo, "damu isigande". Wa tatu alikuja na vidonge vya diklofenaki vilivyobaki kwake tangu alipoumwa mgongo. Wote walikuja kwa mapenzi, na nisingependa mtu asome hapa akadhani nawakejeli. Ila nimejifunza baadaye kwamba kwa mzee kila moja ya hizo tatu ina hesabu yake.

Nianze na shingo, maana ndiyo hatari isiyosemwa. Mifupa ya mzee imepungua uimara, na kuanguka tu kutoka kimo chake mwenyewe kunaweza kuvunja pingili ya juu ya shingo, ile ya pili hasa, bila yeye kupata maumivu makubwa. Mtu wa namna hiyo ukimkanda na kumzungusha kichwa unaweza kumletea msiba ambao sakafu haikuuleta. Aliyeanguka akagonga kichwa, shingo yake iachwe ilivyo mpaka mtu anayejua aishike.

Vidonge: kwa maumivu ya kichwa baada ya kuanguka, parasetamo inatosha. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni huvuruga kazi ya chembe zinazogandisha damu, na wakati huo hatujui kama ndani kuna mshipa unaovuja. Diklofenaki na ibuprofeni kwa mzee pia hupandisha presha na kuonea figo. Nchini mwetu dawa hizi unazipata duka la dawa lolote kama unavyopata sukari, kwa hiyo ulinzi pekee ni mtu wa nyumbani anayejua kusema hapana.

Na kulala? Hofu hii ina mzizi wa kweli: mtu anayezama taratibu kwenye kupoteza fahamu anafanana sana na aliyelala. Lakini mzee akishaonwa hospitali, kumnyima usingizi usiku kucha ni kumuongezea ugonjwa. Miongozo ya Uingereza inawaambia wauguzi wa wodini wamwangalie mgonjwa wa namna hii kila nusu saa kwa saa mbili za mwanzo, kisha kila saa kwa saa nne, kisha kila baada ya saa mbili. Nyumbani sisi tulielekezwa tumwamshe mara chache usiku ule wa kwanza na kumuuliza jambo la kawaida. Dada yangu mdogo alikuwa anamuuliza jina la mjukuu wa mwisho. Mara ya tatu Mama akamjibu kwa ukali kwamba yeye ndiye aliyempa hilo jina, na tukajua akili ipo.

Hospitali ndipo nilipokutana na jambo la umri. Kuna kanuni iliyotengenezwa Kanada na Ian Stiell na wenzake, ikachapishwa mwaka 2001, inayomsaidia daktari kuamua ni nani kati ya waliogonga kichwa wapelekwe kwenye CT-Scan, mashine ya kupiga picha za ndani ya kichwa. Inawahusu waliopoteza fahamu kidogo, waliochanganyikiwa au wasiokumbuka tukio. Kwenye orodha yake ya hatari kubwa, pamoja na kutapika mara mbili au zaidi na dalili za fuvu kuvunjika, umo umri wa miaka 65 na kuendelea. Umri peke yake. Yaani mzee wa aina hiyo anayeongea vizuri, anayekudai chai, tayari ana sababu ya kupigwa picha. Kanuni hiyo haikuwahusu hata kidogo wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, kwa sababu hao hatari yao inahesabiwa mbali.

Mama hana cheti cha kuzaliwa. Umri wake tunaupata kwa kukumbuka kwamba wakati wa Uhuru alikuwa msichana wa kwenda chuoni na juzuu mkononi. Karani mapokezi alimwandikia miaka 60, namba ya mviringo, ya haraka. Nilimwomba airekebishe. Alinitazama kana kwamba namzeesha mama yangu kwa makusudi, lakini kwa kuwa nilishasoma kidogo kwenye simu njiani, sikuondoka pale dirishani mpaka ilipoandikwa 74. Nawashauri nanyi mkague namba hiyo. Kwenye kichwa cha mzee, umri ni sehemu ya vipimo.

Kwa nini umri uwe na uzito hivyo? Daktari kijana aliyetupokea alitueleza kwa subira, nami namshukuru mpaka leo. Ubongo hupungua ukubwa kadiri miaka inavyokwenda, fuvu linabaki lile lile. Mtu wa pwani ataelewa nikisema mbata: nazi iliyokaa, nyama yake imejikunyata na kuachana na kifuu, ukiitikisa inagonga ndani. Kati ya ubongo na utando mgumu wa nje kuna mishipa midogo ya damu inayovuka. Ubongo ukisinyaa mishipa hiyo inavutika, na mtikisiko mdogo ambao kijana angeucheka unaweza kuikata. Halafu ile nafasi iliyopatikana inaficha damu. Kijana akivuja kidogo, fuvu limejaa, dalili zinakuja mapema. Mzee anaweza kuvuja siku na wiki, damu inapata mahali pa kukaa, naye anazungumza na kula kama kawaida. Ndiyo maana hata kipimo cha Glasgow, kile ambacho Graham Teasdale na Bryan Jennett walikichapisha mwaka 1974, ambacho leo huhesabu alama kutoka 3 hadi 15 kwa macho, sauti na viungo, kinaweza kumpa mzee alama nzuri huku ndani mambo si mazuri.

CT-Scan ya Mama ilitoka safi. Hakukuwa na damu wala ufa. Hapa pana jambo linalowachanganya wengi: picha safi haina maana kwamba ubongo haukutikisika. Mtikisiko wenyewe hauonekani kwenye CT-Scan. Ni mvurugiko wa utendaji wa seli, wa chumvi na sukari inayoziendesha, na picha inatafuta damu na mifupa iliyovunjika tu. Kwa hiyo kwenye karatasi ya ruhusa waliandika mtikisiko wa ubongo, na hapo kazi yetu ndipo ilipoanza.

Nilikuwa nimedhani tiba ingekuwa dawa. Hakuna kidonge cha mtikisiko. Mapumziko, tukaambiwa, ya siku moja mbili, halafu aanze kuinuka na kufanya mambo mepesi, akiongeza kidogo kidogo, na apunguze pale dalili zinapozidi. Zamani watu walifungiwa chumba cha giza mpaka dalili zote ziishe. Ushauri huo umeachwa hata kwa vijana. Kwa mzee kitanda ni hatari yenyewe. Misuli ya mapaja inayeyuka upesi mno, mapafu yanapata homa, damu inaganda miguuni, na siku atakayoinuka ataanguka tena kwa sababu ya udhaifu tuliompa sisi kwa kumpenda.

Mapumziko kwenye nyumba ya Kiswahili, jamani! Wageni wa kumpa pole walianza kuingia adhuhuri ile ile. Mkeka umetandikwa chumbani, watu saba, kila mmoja anasimulia ya kwake: fulani alianguka akafa, fulani alianguka akapooza. Redio jikoni. Watoto. Mama anajibu kila salamu, maana asipojibu atasemwa ana kiburi, na jioni kichwa kinampasuka. Ubongo uliotikisika unachoka kwa sauti nyingi na mazungumzo ya watu wengi kuliko hata kwa kutembea. Tuliyekuja kumtegemea ni mama mkubwa, dada yake Mama, ambaye hana haya. Aliweka kiti barazani akawa anawapokea yeye, anapokea pole kwa niaba, anatoa kahawa, na kumwingiza chumbani mmoja mmoja kwa dakika chache. Ningekuwa daktari ningeandika mama mkubwa kwenye cheti cha dawa.

Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili, kikaja kizunguzungu. Si cha kutwa. Kinakuja kwa ghafla akigeuka kitandani, akiinua kichwa kuangalia juu ya kabati, na zaidi ya yote akienda sijda. Anashuka, dunia inazunguka, anashika mkeka. Akaanza kuswali kwa kuinamisha kichwa kidogo tu, kimya kimya, bila kutuambia. Aliyegundua ni dada yetu aliye Maskati. Sisi tuliokuwa tunamwona kila siku tulikuwa tumeshazoea, yeye alikuwa anampigia kwa video, akasema: "Mama mbona anasogea kama amebeba ndoo kichwani?" Kweli. Alikuwa anageuza mwili mzima badala ya shingo.

Tukampeleka mahali, sitapataja. Tabibu hakumgusa. Aliuliza umri, akasikia 74, akasema ni uzee, akaandika vidonge vya kizunguzungu vya mwezi mzima na dawa ya usingizi juu yake. Hilo neno uzee nimelichukia. Linafunga faili. Kijana akipata kizunguzungu baada ya kugonga kichwa anatafutiwa chanzo. Mzee anaambiwa amezeeka, kana kwamba alizeeka Jumanne ile alfajiri. Na dawa zenyewe zina kasoro: sinarizini, ile ya kizunguzungu, ikitumiwa muda mrefu kwa wazee huweza kuleta mtetemeko na ukakamavu unaofanana na ugonjwa wa Parkinson, na diazepamu, ile ya usingizi, humfanya mzee awe mzito, achanganyikiwe, aanguke tena. Mtu amekuja kwa sababu ameanguka, anaondoka na kidonge cha kumwangusha.

Binti mmoja wa fiziotherapia, tiba ya mazoezi ya viungo, ndiye aliyetutoa. Aliingia akapiga "shikamoo Bibi", akaitikiwa "marahaba mwanangu", kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuuliza: "Kwenye swala, kinakushika ukiinama au ukiinuka?" Mama akafunguka kama amefunguliwa bomba. Binti akamlaza chali kwa haraka huku kichwa kimegeuzwa upande na kuning'inia kidogo nje ya kitanda, akamwangalia macho. Mboni zilikuwa zinachezacheza zenyewe. "Ni masikio, Bibi. Si ubongo."

Ndani ya sikio tunazo chembe ndogo za chokaa, mahali pake zimenata, zinatusaidia kujua juu ni wapi. Pigo la kichwa linaweza kuzibandua, na kwa wazee hubanduka kwa urahisi zaidi. Zikiingia kwenye mirija ya mizani ya sikio, kila kichwa kinapobadilisha mlalo chembe zinateleza na kuudanganya ubongo kwamba mwili unazunguka. Dawa haziondoi chembe. Kinachoziondoa ni kumgeuza mgonjwa kwa mpangilio: anakaa, kichwa kinageuzwa upande mbovu, analazwa, anasubiri kama nusu dakika au zaidi, kichwa kinapelekwa upande wa pili, mwili unafuata, anainuliwa. Chembe zinarudi zilikotoka. Mbinu hii ni ya John Epley wa Portland, Marekani, aliyeanza kuionyesha mwaka 1980. Wenzake walimdhihaki, na makala yake maarufu ilichapishwa mwaka 1992 tu. Leo inatumika kote. Kwa mzee mtaalamu huangalia shingo kwanza, kwa hiyo msiijaribu kwa kuona video mtandaoni.

Mama alitapika palepale, akalalamika, akasema binti yule amemuua. Alirudiwa tena ziara iliyofuata. Baada ya hapo alikwenda sijda akakaa huko muda mrefu sana, mpaka nikaingiwa na wasiwasi, kumbe anashukuru.

Sitaki mtu adhani kila kizunguzungu ni masikio. Binti yule yule wa fiziotherapia alimpima Mama presha amelala, kisha amesimama, dakika ya kwanza na ya tatu. Namba ya juu ilishuka zaidi ya 20. Huo ndio mpaka unaotumika: ikishuka 20 kwa namba ya juu au 10 kwa ya chini ndani ya dakika tatu za kusimama, mtu huyo damu inachelewa kufika kichwani. Mama alikuwa anatumia dawa mbili za presha, moja ya kukojoza, na alikuwa akizimeza zote usiku na kuamka alfajiri na mapema. Pengine hiyo presha ya kushuka ndiyo iliyomwangusha tangu mwanzo, ikisaidiana na ndala na giza. Kliniki wakapanga dawa upya. Ukimtibu mzee kichwa bila kuuliza kwa nini alianguka, umemtibu nusu. Sukari iliyoshuka, mapigo ya moyo yasiyo sawa, maambukizi ya mkojo, mtoto wa jicho, dawa. Kwa wenye kisukari angalieni kama wanapewa glibenklamidi: Shirika la Afya Duniani, kwenye orodha yake ya dawa muhimu, linasema haifai kwa waliovuka miaka 60, kwa sababu inashusha sukari kupita kiasi. Bado ipo kwenye makabati ya wazee wengi ninaowafahamu.

Na wenye dawa za kuyeyusha damu, kama warfarini, rivaroksabani, klopidogreli au aspirini ndogo ya kila siku, wakigonga kichwa waende hospitali siku ile ile hata kama hawaoni kitu, na waende na vidonge vyenyewe mkononi ili daktari aone. Wasiziache kwa uamuzi wao. Zilitolewa kuzuia kiharusi, na anayejua kupima hatari hizo mbili ni daktari.

Nirudi kwenye wiki zile. Damu ya polepole iliyomkuta Lula ilimkuta pia Jimmy Carter, aliyewahi kuwa Rais wa Marekani. Oktoba 2019, akiwa na miaka 95, Carter alianguka nyumbani Plains, Georgia, akashonwa nyuzi 14 juu ya jicho, na jioni ile ile alikuwa Nashville kwenye shughuli ya kujenga nyumba za watu wasio na uwezo. Mwezi ule ule akaanguka tena, akapata ufa wa nyonga. Novemba akapelekwa hospitali ya Chuo Kikuu cha Emory kutolewa damu iliyokuwa inabana ubongo. Alipona, akaishi miaka mitano zaidi, akafikisha 100. Sehemu hii huwa nairudia kwa watu wanaosema "mzee wa umri ule mpasue wa nini". Kutoboa fuvu tundu moja au mawili na kuacha damu itoke ni upasuaji ambao mara nyingine hufanywa kwa ganzi ya pale pale tu, na wazee wengi walioingia hawajitambui wanatoka wanauliza chakula. Utafiti wa Cambridge uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kuacha mpira mdogo wa kutoa maji baada ya upasuaji kunapunguza damu kurudi, kutoka wagonjwa 24 katika kila 100 hadi takribani 9. Kwa upande mwingine, dawa ya deksamethasoni ambayo wengine huandikiwa badala ya upasuaji ilijaribiwa Uingereza, matokeo yakatoka mwaka 2020: waliopewa walikuwa na hali mbaya zaidi miezi sita baadaye.

Kwetu huduma hizi zipo, ingawa ziko mbali na wengi. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, inafanya upasuaji wa ubongo Dar es Salaam. Unguja pale Mnazi Mmoja ipo taasisi ya upasuaji wa ubongo iliyofunguliwa mwaka 2014 kwa msaada wa taasisi ya NED ya daktari Mhispania José Piquer. KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza nazo. Fedha za mkopo wa UVIKO-19, zile shilingi trilioni 1.3, zilisogeza mashine za CT-Scan kwenye hospitali za rufaa za mikoa, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Mashine haiwezi kumwita mgonjwa, hata hivyo. Anayempeleka ni mtu wa nyumbani aliyeona kitu.

Aone nini? Kichwa kinachouma zaidi wiki ya tatu kuliko ya kwanza. Usingizi wa mchana usio wa kawaida yake. Mguu unaoburuta, kikombe kinachomponyoka mkono mmoja. Maneno yanayopotea. Kujikojolea kwa ghafla kwa mtu ambaye hakuwa hivyo. Kuanguka tena. Hasira au ukimya usio wake. Hizi zote hufananishwa na kiharusi, na nyingine huitwa kusahau kwa uzee, na kwa sababu kuanguka kulipita mwezi mzima nyuma hakuna anayeunganisha. Sisi tuliandika tarehe ya kuanguka kwa kalamu nene kwenye kalenda ya ukutani, na kila aliyekwenda naye hospitali, kwa jambo lolote, aliambiwa aitaje kabla hajakaa.

Kuna jambo limenisumbua tangu nianze kusoma mambo haya. Elimu kubwa ya mtikisiko wa ubongo imetoka viwanjani: raga, mpira wa Kimarekani, hoki ya barafu. Wataalamu wamekuwa wakikutana tangu Vienna mwaka 2001 hadi Amsterdam mwaka 2022 kukubaliana hatua kwa hatua mchezaji arudi vipi uwanjani. Ni kazi nzuri. Lakini Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, zaidi ya asilimia 80 katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na walio wengi zaidi ni waliovuka miaka 60. Uwanja wa mama yangu ni jiko la mkaa, ngazi mbili za baraza, soko la Mgandini, na mkeka. Hakuna aliyempangia hatua za kurudi huko, kwa hiyo tulizipanga wenyewe tukiigiza zile za wachezaji: kwanza kutembea uani mara mbili kwa siku mtu akiwa kando, kisha kupepeta mchele amekaa, kisha kwenda mpaka kwa jirani, kisha kupika chakula kimoja. Sokoni ilikuwa ya mwisho, maana kelele na vichwa vya watu vinavyopita huku na huku vilimchosha kuliko kazi yoyote ya mikono. Kijana wa mpira huweza kupona ndani ya wiki mbili. Yeye alihitaji miezi.

Moyo nao uliumia. Kwa muda alikuwa akilia bila sababu, anasahau alipoweka kanga, anauliza jambo mara mbili, na kilichomtisha kuliko kichwa ni kwamba ataanguka tena na kuwa mzigo. Hofu hiyo inamfanya mzee aache kutembea, na akiacha kutembea anaanguka kweli. Daktari alituambia huzuni baada ya mtikisiko ni sehemu ya ugonjwa na inatibika, tusiiache ikajiita tabia. Kilichomsaidia, naona, ni kupewa kazi. Mama mkubwa alimrudishia hesabu za upatu wa mtaa, ambazo alikuwa amemshikia. Mwanzo alikosea, akakasirika, akarudia. Siku alipomkamata jirani aliyeruka mchango, tulicheka wote.

Nyumba tumeirekebisha kwa gharama ndogo kuliko nilivyodhani. Fundi ametia bomba la chuma la kushikia kutoka mlango wa nyuma mpaka karoni, saruji ya uani imechorwa mistari isiteleze, taa ya betri inawaka yenyewe umeme ukikatika. Birika la udhu liko chumbani karibu na kiti. Ndala za zamani nilizitupa mimi na nikasemwa. Dawa za presha zina ratiba mpya ukutani, na anakaa ukingoni mwa kitanda kwa muda wa kusoma Fatiha kabla ya kusimama, jambo ambalo amelikubali haraka kuliko yote.

Mkongojo ndio bado tunagombana. Aliununua kaka yetu kutoka Dar, mzuri, una mpira chini. Ameuegesha nyuma ya mlango, anautumia kufukuzia kuku wa jirani. Anasema siku akizeeka atautembelea.